Kitabu cha chuo kingine kimelowa mikononi mwangu, na kadi iliyokiazima sio yangu

Dada habari za kazi. Naomba unisaidie maana siku ya nne hii sijalala vizuri.

Nasoma masters, nipo kwenye tesisi, na sura yangu ya tatu karibu yote inategemea kitabu kimoja cha miaka ya 80 ambacho hakichapwi tena. Maktaba yetu haina. Onlaini nimetafuta mpaka macho yameuma, hakuna PDF, hakuna hata zile kurasa chache za kuonjesha. Mwisho nikakiona kwenye katalogi ya chuo kingine, nakala mbili, zote zimeandikwa zipo. Nikafunga safari.

Kufika getini mlinzi akaangalia kitambulisho changu akasema hiki sio cha hapa. Nikamwomba niingie nikasome hata saa moja tu, akasema bila barua haiwezekani, ila akanionea huruma akaniambia amewahi kuona wanafunzi wa chuo chetu wakiingia na wakitoka na vitabu, vyuo vyetu vina makubaliano ya kuazimana, lakini mpaka uje na karatasi kutoka kwenu. Karatasi gani, hakujua.

Sasa nina rafiki yangu tangu sekondari anasoma pale pale, yuko mwaka wa mwisho. Nikampigia nikiwa hapo nje, akaja, akaingia, kama dakika ishirini akatoka nacho mkononi, kakiazima kwa kadi yake. Tukakubaliana nikae nacho wiki nne nitamrudishia. Nilifurahi sana dada, nilikifungulia kwenye gari.

Wiki ya tatu mvua ikanikuta njiani. Begi likalowa, nilipofika nikakuta jalada la nyuma limevimba na kurasa kama arobaini za mwisho zimelowa chapa chapa, na ndo zile zenye picha, karatasi zake za kung'aa. Nikapaniki, nikachukua pasi nikaweka kitambaa juu nikapiga. Za maandishi zilinyooka nyooka, zile za picha zikagandana. Nikajaribu kuzibandua, moja ikachanika kona. Hapo nikaacha.

Kama hilo halitoshi, juzi rafiki yangu kapata imeili kutoka maktaba yao, kuna mtu amekiomba hicho kitabu kwahiyo kirudishwe ndani ya siku saba. Na yeye saa hizi anazungusha fomu ya kuklia ili amalize chuo, saini ya maktaba ni mojawapo, asipoipata hapati cheti. Kanipigia ananiambia we kilete tu. Nikamwambia nipe siku mbili namalizia kusoma. Sijamwambia kama kimelowa, nashindwa nianzie wapi.

Nimewaza mambo matatu. Nikakitumbukize usiku kwenye lile boksi la kurudishia vitabu lililo nje. Au rafiki yangu aseme kimepotea alafu mimi nilipe. Au nitafute nakala nyingine kwa wauza vitabu vya zamani mtandaoni nibadilishe kimya kimya. Na dada, kusema ukweli bado sijakimaliza, sura mbili ndo nilizozihitaji na moja sijaigusa. Hayo makubaliano kweli yapo au mlinzi alikuwa ananifariji tu?

Mwenye kitabu cha watu

*

Mdogo wangu pole sana, na pole na safari ya kurudishwa getini, hiyo peke yake inaumiza. Nimekaa nyuma ya kaunta ya maktaba ya chuo miaka kumi na moja kabla sijaanza kujibu barua hizi, kwahiyo hili la kwako nimelipokea kwa mikono yangu mara nyingi, kitabu kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni na aliyekileta hataki kuniangalia usoni.

Kabla hujafika mwisho wa barua hii mpigie rafiki yako. Usimtumie meseji, piga. Mwambie kimelowa, lini, kurasa ngapi, na kwamba ulipiga pasi. Najua unaogopa ila angalia yeye yuko wapi sasa hivi, anatembea na fomu mkononi akiamini tatizo lake ni siku mbili za wewe kumalizia kusoma, kumbe tatizo ni jingine kabisa na saa inakwenda. Kwenye mfumo wa maktaba ile jina lako halipo. Kitabu kipo chini ya namba yake, faini itahesabiwa kwake, na akifika kwenye dirisha la kuklia atakayeambiwa una deni ni yeye. Alikusaidia ukiwa nje ya geti, anastahili kulisikia hili kutoka kwako kabla hajalisikia kaunta.

Kuhusu kitabu chenyewe, pasi usiiguse tena. Karatasi za kung'aa zimepakwa udongo laini uliochanganywa na gundi, ndo maana picha zinatoka nzuri, na zikilowa ile gundi inalainika, zikikaukia zimebanana zinakuwa kitu kimoja. Joto la pasi linaharakisha hilo. Zilizogandana ziache hivyo hivyo zilivyo, usitumie kisu, usitumie mvuke, kuna mafundi wa kukarabati vitabu wanaoweza kujaribu na hata wao si zote wanazifungua. Zile za maandishi kama bado ukizishika unahisi ubaridi wa unyevu, weka karatasi nyeupe isiyo na maandishi katikati kila baada ya kurasa chache, magazeti hapana kwasababu wino wake unahamia, alafu kisimamishe wima kimefunguka kidogo sehemu yenye hewa, juani usikiweke kitazidi kupinda. Badilisha zile karatasi zikishachukua unyevu. Alafu kinuse. Sikutanii, kinuse pale kwenye mshono. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48 tangu karatasi ilowe, sasa wewe umeshapitiliza. Ukiona vidoadoa vyeusi au vya kijani au harufu ya stoo, kiweke kwenye mfuko peke yake, usikiweke na vitabu vingine, na pale kaunta hilo liwe la kwanza kulisema, maana kikirudishwa rafuni bila wao kujua kinaambukiza majirani zake wote.

Hapo umeshapata jibu la boksi la usiku. Lile boksi vitabu vinadondokeana, cha kwako kinyevu kinaangukia vya wenzio. Na mdogo wangu hata kingekuwa kikavu, asubuhi mtu atakitoa, atakiskani, ataona jina la rafiki yako, ataandika kimerudishwa kimeharibika, hakuna maelezo. Hiyo inasomeka kama mtu aliyekimbia. Nimewahi kuandika maneno hayo mwenyewe kwenye akaunti za watu, na siku mwenye akaunti anakuja kujieleza anaanza akiwa chini tayari.

La kusema kimepotea silitaki hata kidogo. Kwanza ni uongo, na uongo huo anausema rafiki yako, wewe haupo. Pili kitabu kilichopotea kwa kawaida kinatozwa bei ya kununua kingine pamoja na gharama ya kukiandaa upya, kukiingiza kwenye katalogi, kukipa lebo na kadhalika, wakati kilicholowa huenda wakaamua kukikarabati kwa pesa ndogo au wakakipokea hivyo hivyo. Tena cha kwako hakichapwi tena, ina maana maktaba inaweza kupendelea nakala yenye kona iliyochanika kuliko kukosa kabisa. Umewafikiria hao? Na yule aliyekiomba naye yuko mahali fulani ana sura yake ya tatu kama wewe.

Kununua kingine ndo wazo lenye akili katika yale matatu, kosa lake ni lile neno kimya kimya. Nakala ya maktaba ina muhuri, ina msimbo wa kuskani, ina namba ya rafu mgongoni, huwezi kubadilisha watu wasijue. Lakini ukiuliza kwanza, maktaba nyingi zinakubali uwaletee nakala mbadala badala ya kulipa, wanachotaka kiwe toleo lile lile au jipya zaidi na hali yake iwe nzuri. Angalia ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Cha miaka ya 80 kama kina ISBN itakuwa ya tarakimu 10, hizi za 13 zilianza 2007, kwahiyo ukitafuta kwa wauza vitabu vya zamani tafuta kwa ile ya 10 usije ukaletewa toleo jingine. Ila usinunue kabla hawajakwambia ndiyo! Nimeona mtu kanunua kwa pesa nyingi akaambiwa sisi tunatoza tu, hatupokei nakala, akabaki na kitabu na deni juu.

Sasa kwenda kwenyewe. Nendeni wawili, yeye na wewe, mchana, siku za kazi, ulizia anayeshughulika na vitabu vilivyoharibika maana kijana wa kaunta mara nyingi hana mamlaka ya kusamehe wala kupanga bei. Rafiki yako aseme nilimwazimia mwenzangu kwa kadi yangu, na wewe useme kililowa kwenye begi langu tarehe fulani, nilijaribu kukausha kwa pasi nikaharibu zaidi. Ni kweli kuazima kwa kadi ya mtu mwingine karibu kila maktaba inakataza, anaweza akapewa onyo, sitakudanganya. Lakini nakuambia kwa niliyoyaona, aliyekuja kwa miguu yake kabla ya siku saba kuisha hakuwa anashughulikiwa sawa na aliyetafutwa. Ombeni wawaandikie kiasi cha kulipa, wewe lipa yote, chukua risiti, alafu hapo hapo kabla hamjaondoka mwombeni afungue akaunti ya rafiki yako mhakikishe imesoma sifuri. Hilo la mwisho msiliache. Watu wanalipa, risiti inakaa mfukoni, kule kwenye mfumo deni linabaki kwasababu aliyepokea pesa sio anayefuta, na fomu ya kuklia inagonga mwamba wiki mbili baadaye.

Haya, umeuliza kama makubaliano yapo kweli. Mlinzi hakukudanganya kuhusu kitu chenyewe. Vyuo vingi sana duniani vinaazimana na hakuna chuo hata kile tajiri kabisa kinachoweza kununua kila kitu. Uingereza na Ireland wana mpango unaitwa SCONUL Access, mwanafunzi anaomba onlaini, maktaba yake inathibitisha, anapata imeili ya idhini, anaenda nayo pamoja na kitambulisho chake kwenye maktaba anayoitaka. Kanada vyuo vikuu vina makubaliano ya nchi nzima. Marekani Columbia, Pennsylvania na Yale walianza BorrowDirect mwaka 1999, leo ni kundi kubwa, unakiomba kwenye kompyuta kinakufuata ulipo. Kuna ya vyuo viwili tu vilivyo jirani, kuna ya jimbo, kuna ya nchi. Kwahiyo swali la kumuuliza mkutubi wenu lisiwe je tuna makubaliano. Muulize tuna makubaliano na chuo fulani, na yanamruhusu mwanafunzi wa ngazi yangu afanye nini. Mara nyingi wa masters na wa PhD wanaruhusiwa kuondoka na vitabu wakati wa digrii ya kwanza anasoma ndani tu, na kuna sehemu hata masters wa muda wote anawekewa mpaka. Hilo utalijua ukiuliza na si vinginevyo.

Na hapa ndipo nataka unielewe vizuri, kwasababu ndo mzizi wa haya yote. Makubaliano haya yamefungwa na maktaba kwa maktaba. Wewe umo ndani yake kwasababu maktaba yako imekudhamini, imesema huyu ni wetu, hana deni, akipoteza kitabu chenu tutamfuatilia sisi. Ile karatasi mlinzi aliyoshindwa kuitaja jina ndo udhamini huo, huwa ni barua ya utambulisho au fomu iliyogongwa muhuri au siku hizi imeili, inategemea. Ukipita njia ya kadi ya rafiki unapata kitabu kile kile ila udhamini umeuhamisha kutoka kwenye taasisi ukamtwika binadamu mmoja ambaye ana fomu ya kuklia mkononi. Mvua ingekukuta ukiwa na barua yako, kitabu kingelowa vile vile, lakini leo ungekuwa unahangaika na akaunti yako wewe na wakutubi wa pande mbili wangekuwa wanaongea wao kwa wao.

Ili uipate barua lazima kwenu usiwe na deni, kwahiyo rudisha vilivyochelewa kwanza. Alafu ukishakuwa nayo ujue mgeni hapewi kila kitu. Idadi inakuwa ndogo kuliko ya wenyeji, muda mfupi, kurefusha mara nyingine haiwezekani, na mwenyeji akikihitaji unarudishiwa wito kama huu uliompata rafiki yako na lazima utii. Vitabu vya rejea, vile vya kozi vinavyoazimwa kwa saa chache, na makusanyo maalum havitoki. Majarida na vitabu vya kielektroniki ndo kabisa, hivyo vimelipiwa leseni kwa ajili ya watu wa chuo kile tu, ukiwa nyumbani nywila hawakupi hata ukiwa na barua kumi, ila leseni nyingi zinamruhusu mtu aliyeingia maktabani kusoma kwenye kompyuta zao za pale pale, kwahiyo uliza kama wana kompyuta ya wageni. Na kabla hujafunga safari piga simu. Katalogi ikisema ipo inamaanisha tu haijaazimwa, inaweza ikawa iko kwenye toroli, au imekosewa rafu, au mitihani imekaribia na wageni hawaingii. Watajie namba ya rafu waombe mtu akaangalie kwa macho. Tulikuwa tunafanya hivyo kila siku, si usumbufu, ndo kazi.

Na kwa vile wewe umesema ni sura mbili na moja imebaki, huenda hata huhitaji kusafiri. Kuna njia nyingine ambayo wanafunzi wengi wanaichanganya na hii, nayo ni maktaba yako kukuombea. Wewe hutoki, unajaza fomu kwenu, mkutubi wenu anaiandikia maktaba yenye kitabu, wao wanakituma au wanaskani sura moja wanaituma, maana sheria za hakimiliki sehemu nyingi zinaruhusu sehemu ndogo ya kitabu kwa ajili ya mtu anayefanya utafiti wake. Ile maktaba ina nakala mbili kama ulivyosema, ya pili haijalowa. Na isipokuwa pale, mkutubi wako anaweza kutafuta kwenye WorldCat, katalogi inayounganisha maelfu ya maktaba za dunia tangu 1971, akaona nani mwingine anacho. Hata nje ya nchi inawezekana, IFLA, lile shirikisho la kimataifa la maktaba, mwaka 1995 lilianzisha vocha za maktaba kulipana zikiazimana ng'ambo bila kuhangaika na kubadilisha fedha. Inachukua muda, wiki kadhaa wakati mwingine, kwahiyo fomu ijazwe sasa. Andika mwandishi, jina la kitabu, mwaka, ISBN, na kurasa za ile sura kuanzia ngapi hadi ngapi, ukiacha kurasa wazi mtu wa upande wa pili anaiweka pembeni kwanza.

Msimamizi wako mwambie pia. Huna haja ya kumpa habari ya pasi, mwambie tu chanzo cha sura ya tatu kinakuja kwa njia ya maktaba na kitachukua wiki kadhaa, uendelee na sehemu nyingine. Wengi wamewahi kusubiri kitabu, anaelewa. Na muulize kama mwandishi huyo ana makala aliyoandika baadaye juu ya hoja ile ile, hizo mara nyingi zipo wazi kwenye hifadhi za mtandaoni za vyuo.

Usiku huu piga picha ya zile kurasa zilizoharibika ukiwa umeandika tarehe pembeni, na uandike kwenye karatasi namba ya ukurasa mmoja mmoja, zilizolowa, zilizogandana, na ile yenye kona. Kile kipande cha kona kama bado unacho kiweke kwenye bahasha ndogo ndani ya kitabu, usikigundishe na selotepu, fundi anaweza kukirudishia mahali pake. Kesho mkifika kaunta usisubiri wakifungue wao, kiweke mezani ukifungue mwenyewe pale palipoharibika.